Ukuta Niliounyoosha kwa Lenzi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunijia hata nisipoiita. Hunijia nikiwa nachambua mchicha, au nikiwa nimekaa tu kungoja maji ya bomba yatoke. Leo imekuja kwa sababu yako. Umeniletea ile lenzi ya zamani kutoka kabatini, umeifuta vumbi vizuri, na unataka nikufundishe vile vitufe vyake vya kuzungushia. Nimeipokea nikaijua kwa uzito wake kabla sijaitazama, maana macho yangu siku hizi yana ukungu, na daktari ameniambia huyu mtoto wa jicho hana haraka lakini hataondoka mwenyewe. Nitakufundisha. Lakini kaa kwanza. Nimechoka, na nikianza na vitufe nitaishia kwenye vitufe, halafu lile la maana nitalala nalo tena.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilifanya kazi kwenye studio ya Mzee Likumbo hapa mjini Mtwara, barabara ya kwenda sokoni. Chumba kimoja chenye pazia la bluu na benchi la wateja. Watu walikuja kupiga picha za pasipoti, za harusi, za watoto waliotimiza siku arobaini. Mzee Likumbo hakuwa ndugu yangu. Alinichukua nilipomaliza shule, akanipa kamera, na hakuniuliza hata mara moja mwanamke anataka nini na kazi ile. Wengine waliuliza mpaka wakachoka. Yeye alitazama mikono yangu tu kama inatetemeka au haitetemeki.

Lenzi hii aliachiwa na mhandisi mgeni aliyekuwa akifanya kazi bandarini, siku anaondoka. Tuliiita tilti-shifti, kama mwenyewe alivyoiita. Unajua ukisimama chini ya jengo ukainua kamera, kuta zinaonekana zinakaribiana juu, kana kwamba jengo linataka kuanguka kinyumenyume. Lenzi hii inaondoa kasoro hiyo. Shingo yake husogea kwenda juu au chini huku kamera imetulia palepale. Tena inainama, ukitaka kuchagua kipi kionekane wazi na kipi kififie. Na hapa inapokutana na kamera, weka kidole, kuna kitufe kidogo. Ukikibonyeza, lenzi nzima inazunguka, inalia tik, tik, na kule kusogea kwa juu na chini kunageuka kuwa kusogea kwa kulia na kushoto. Mtu asiyejua anaona ni chuma kinachozunguka. Ukishajua, unaweza kusimama pembeni na picha ikaapa kwamba ulisimama mbele.

Mzee Likumbo alikuwa na sharti moja. Kabla ya kugusa kitufe chochote, weka kamera chini, lizunguke jengo kwa miguu yako, liguse, kisha ndiyo urudi kwenye kamera. Mimi niliona ni mambo ya uzee. Baada ya miaka miwili nilikuwa nimeijua lenzi kuliko yeye, au nilijiona hivyo. Wakandarasi wakaanza kuja studio wakinitafuta mimi. Wakanipa jina, Pimamaji, kwa kile chombo mafundi wanachoweka ukutani kuona kama umesimama sawa. Jina lilinipendeza sana, mwanangu. Nilikuwa nikiitwa hivyo barabarani nageuka kwa madaha.

Basi siku hiyo alikuja mkandarasi mmoja ambaye jina lake nitaliacha. Alikuwa amejenga madarasa mawili, yamepakana chini ya paa moja, katika kijiji upande wa mdomo wa Ruvuma. Kijiji nacho nitakiita Mnalolo, ingawa siyo jina lake. Alitaka picha za kuambatisha kwenye taarifa ya kukabidhi jengo. Mzee Likumbo alikuwa kijijini Mpapura, amefiwa na dada yake, na matanga yalikuwa hayajaanuliwa. Ilinipasa kungoja arudi, kwa sababu lenzi hii haikutoka studio bila ruhusa yake. Sikungoja. Niliifunga kwenye kanga, nikapanda pikapu ya mkandarasi.

Njia ile unaijua. Mikorosho, mihogo, mikorosho tena, halafu mchanga unaanza kuwa mweupe na unaona mikoko kwa mbali upande wa mto. Tulifika saa nne. Jengo lilikuwa limepakwa chokaa nyeupe chini na juu rangi ya maziwa, mabati mapya yanamulika mpaka unafumba macho. Watoto walikuwa bado wanasomea kwenye banda la makuti la zamani, wanaimba jedwali la saba.

Mwalimu mkuu alitoka kutupokea. Aliitwa Mwalimu Anastazia, mtu wa Bukoba, aliyepangiwa kazi kwetu akakaa miaka kumi na moja, akajua Kimakonde cha kusalimia na cha kukemea. Alikuwa mwembamba, amevaa miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Nilimwamkia, akaitika, akamtazama mkandarasi, kisha akaniomba nimfuate nyuma ya jengo. Mkandarasi alikuwa anashusha vitu garini, hakutuona.

Alinipeleka kwenye ukuta wa mwisho, ule wa ubavuni upande wa kulia. Pale kwenye kona, ukuta ulipoachana na ule wa mbele, alichomeka kalamu yake ya wino. Ikaingia yote. Akaichomoa, akaifuta kwa sketi.

"Mwezi uliopita ilikuwa inaingia nusu," alisema. "Nimeandika barua mbili wilayani. Binti, picha yako itasomwa na watu ambao barua zangu hawazisomi. Upige huu ukuta ulivyo. Sikuombi zaidi ya hapo."

Nikamwambia sawa, Mwalimu. Nilisema kirahisi, kama mtu anayeombwa maji.

Nikarudi mbele, nikasimamisha miguu ya kamera, nikachungulia. Mbele ya jengo, karibu na ile kona ya kulia, palikuwa na mlingoti wa bendera ya shule. Ulikuwa umesimama wima kabisa. Na kati ya mlingoti na kona ya ukuta, nafasi ya chini ilikuwa pana na ya juu ilikuwa nyembamba. Ukuta ulikuwa umeinama kwenda nje. Haikuhitaji kalamu kuona. Hata wewe na simu yako ungeona.

Sasa sikiliza nilichojiambia, maana hapo ndipo kosa lilipo, wala halipo kwenye kidole. Nilijiambia ni lenzi. Nilijiambia kitufe cha kufungia kimelegea njiani kwa mitikisiko ya gari, na mimi kazi yangu ni kunyoosha. Nilijua siyo lenzi. Lakini mkandarasi alikuwa amekuja kusimama nyuma yangu, ananukia manukato, ananiita Pimamaji, anasema zile nyufa ni za plasta tu na picha ya mbele inatosha, tuwahi kabla mvua haijaharibu njia. Nami nikataka kumwonyesha kazi.

Nikazungusha lenzi nyuzi tisini, ili isogee pembeni badala ya juu. Nikahamisha kamera hatua nne kushoto, mlingoti ukatoka nje ya picha. Nikasogeza lenzi kulia mpaka darasa likarudi mbele yangu kana kwamba sikuhama. Ikabaki ile kona. Nikainua pua ya kamera kidogo tu, upana wa ukucha, kuta zikaanza kuegemea ndani kama kwenye picha za watu wasiojua kazi, na ile kona iliyoinama nje ikarudi taratibu mpaka ikasimama. Upande wa kushoto sasa ndio ulioonekana umeinama, nikaukata nje ya picha. Halafu nikabonyeza. Nilipiga sita. Kila nilipobonyeza nilifurahi, na sitakudanganya, ilikuwa kazi nzuri sana.

Mwalimu Anastazia alikuwa amesimama mlangoni pa banda la makuti, ananitazama. Aliniona nikihama kutoka mbele. Hakuniita. Nadhani alidhani natafuta pembe ya kuuonyesha ule ukuta vizuri zaidi. Tulipoondoka alinipungia mkono.

Picha zikasafishwa, zikapelekwa. Nakala moja niliibakiza studio, nikaibandika karibu na pazia, wateja waione.

Mzee Likumbo alirudi kutoka matangani amechoka, amekonda, hajanyoa. Aliketi kwenye benchi la wateja akaiona. Akaomba kioo chake cha kukuzia, akaitazama muda mrefu kuliko inavyohitaji picha ya darasa. Kisha akaniuliza bendera ya shule iko wapi. Nikasema haikuingia. Akauliza nilisimama wapi. Nikamwambia hatua nne kushoto, na nilisema kwa majivuno kidogo, nikidhani atanisifu.

"Na ukuta umesimama?" akauliza.

"Si unauona, mzee."

"Nimekuuliza habari ya ukuta, Zuhura. Picha naiona."

Aliibandua ile picha ukutani polepole, asiichane, akaiweka kifudifudi mapajani. Mzee Likumbo hakuwa mtu wa kupaza sauti, na siku hiyo hakupaza. Alisema alinipa kifaa cha kuondoa uongo wa kamera, nami nimekitumia kuongeza wa kwangu. Akaniambia kesho nipande gari nirudi Mnalolo, nipige ukuta ulivyo, na picha nimkabidhi yule mwalimu mkononi mwake.

Nikasema nitaenda. Na nilikuwa nimekusudia kwenda, mwanangu. Ningekuwa nimekataa, ningekuwa na hadithi nyingine ya kukusimulia.

Kesho yake kulikuwa na harusi, na bwana harusi alikuwa amekwisha kuja mara mbili kuulizia. Nikasema Jumatatu. Jumatatu mvua ikanyesha, gari za upande ule hazikwenda. Nikasema Jumatatu nyingine. Mzee Likumbo aliniuliza mara moja, nikamjibu kwamba nakwenda, akadhani ni kweli ninakwenda, kisha miguu ikaanza kumsumbua akawa haji studio kila siku. Katikati ya hayo alipita mwalimu mmoja wa huko kupiga picha ya kitambulisho. Akanieleza, bila kujua anamweleza nani, kwamba mwalimu mkuu wao amejibiwa barua yake. Ameambiwa aache visingizio, ahamishe watoto kutoka kwenye banda waingie darasani, na kama hapataki mahali pale aombe uhamisho kwa njia za kawaida. Barua ilikuja na picha ya jengo imeambatishwa. Jengo limenyooka kabisa, alisema, sisi tukalitazama lile jengo tukaitazama na picha, hatukujua tuamini kipi.

Nilimtengenezea kola ya shati, nikampiga picha yake, akaenda. Niliketi nyuma ya pazia. Na hata hivyo nilisema Jumatatu.

Ukuta ule ulianguka siku ya Jumatano, saa tatu asubuhi, katika kipindi cha hesabu.

Niliyajua yote baadaye, kwa kuulizia kwa huyu na yule. Mwalimu Anastazia alikuwa ametii ile barua, amewaingiza watoto. Lakini katika chumba kile cha upande wa kulia aliwabananisha wote upande wa mbali na ule ukuta, wanne wanne kwenye dawati la wawili. Akachora mstari wa chaki sakafuni, akawaambia atakayeuvuka atafagia uwanja wiki nzima. Meza yake mwenyewe haikupata nafasi upande wa watoto. Akaiweka ng'ambo ya mstari, chini ya ule ukuta, akawa anafundishia hapo. Wiki mbili alifundishia hapo.

Ukuta ulianguka kwa nje, kama ulivyokuwa umeinamia. Ila ulikuwa umebeba boriti, na ulipoondoka boriti ikashuka na mabati yake, ikaangukia ndani, upande uleule wa meza yake. Hakuna mtoto aliyeguswa. Mwalimu Anastazia alivunjika nyonga na mguu.

Habari ilinifikia kwa mama mmoja anayeuza mihogo. Nilifunga studio mchana kweupe. Nikaenda kwa Mzee Likumbo, nikamkuta anakanda magoti kwa mafuta ya nazi, nikamwambia sikwenda. Hata aliponiuliza nikasema nakwenda, sikwenda. Nikamwomba anisindikize hospitali.

Alifunga chupa ya mafuta kwanza. Akasema, "Siendi na wewe. Nikienda utajificha nyuma yangu. Nenda mwenyewe, umwambie, halafu atakalokuambia ulifanye hivyohivyo, usilipunguze."

Nilimkuta Mwalimu amelala chali, mguu umening'inizwa kwa uzito. Miwani yake ilikuwa imepotea kwenye kifusi, kwa hiyo hakunitambua mpaka niliposema jina. Akaniuliza kama nimeleta zile picha. Bado alikuwa anazingoja, unaona. Alidhani iliyotumwa na ile barua ilikuwa ya mtu mwingine, na yangu, ile aliyoniomba, ilikuwa bado njiani.

Nikapiga magoti kando ya kitanda. Nikamweleza. Nilimweleza kitufe, nyuzi tisini, hatua nne, mlingoti, kila kitu, na zile Jumatatu pia. Mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha kula, akasikiliza. Mwalimu alitazama dari muda wote.

Nilipomaliza hakulia wala hakunitukana. Aliniuliza swali moja. "Wakati unazungusha, ulikumbuka kalamu?"

Nikasema, "Niliikumbuka."

Akafumba macho. Nikadhani amelala, nikataka kuondoka, akasema chumba cha pili bado kimesimama na kimejengwa na mikono ileile, na wiki ijayo watoto watarudishwa humo kwa sababu picha yangu inasema kiko salama. Niandike kwa mkono wangu nilivyofanya, nitie sahihi. Kisha niende Mnalolo nikapige chumba kile kwa lenzi iliyofungwa, bila kuzungusha chochote, na karatasi na picha nizipeleke wilayani mwenyewe, nisimtume mtu.

Nikafanya. Niliondoka kesho yake, mvua inanyesha, nikashuka gari lilipokwama nikatembea iliyobaki. Nililizunguka jengo kwa miguu yangu. Niliweka mkono kwenye kila kona, nikakuta ufa mwingine nyuma, mwembamba, unaingia ukucha. Niliupiga. Wazee wa kijiji walikuwa wamekaa kwenye kifusi wananitazama, na mmoja akauliza kama mimi ndiye yule wa mara ya kwanza. Nikasema ndiye. Hakuna aliyeongeza neno, na ningependa wangeongeza.

Barua yangu niliipeleka kwa mkono. Nilisimama mbele ya meza ya ofisa nikaisoma kwa sauti kwa sababu aliniamuru niisome. Watu walikwenda kukagua, na chumba cha pili kikabomolewa kabla ya mtoto kuingia tena. Wanakijiji walifyatua tofali upya, safari hii chini ya fundi mwingine. Mkandarasi aliitwa, akahojiwa, baadaye nikasikia amehama. Yaliyompata sikuyafuatilia. Nilikuwa na ya kwangu.

Studio nayo haikupona haraka. Mtu aliyeandika kwamba picha yake ilidanganya, ni nani atakayempa picha apige? Wakandarasi wakaacha kuja. Hata wa pasipoti walipungua, kana kwamba nitawapa uso wa mtu mwingine. Mzee Likumbo hakunilaumu kwa hilo hata kidogo. Alikuja kila siku na magoti yake mabovu, tukakaa wawili kwenye benchi la wateja. Jina la Pimamaji likafa lenyewe.

Mwalimu Anastazia alikaa hospitali miezi. Nilimpelekea uji asubuhi, na mara ya kwanza hakuunywa. Mara ya pili aliunywa akasema una sukari nyingi. Kuanzia hapo nikawa namsomea magazeti mpaka alipopata miwani mipya. Hatukuzungumza tena habari ya ukuta. Alinifundisha kushona mkono wa gauni, akanicheka nilivyokuwa mzito wa sindano. Nikaanza kutumaini kwamba siku moja ataniambia amenisamehe. Nililingoja neno hilo kama mtu anavyongoja barua.

Alipoweza kutembea kwa fimbo aliomba kurudi kwao. Nilimsindikiza stendi alfajiri, nimembebea begi. Safari ya kutoka hapa hadi Bukoba ni ya siku kadhaa kwa mtu mzima wa afya, nami nilikuwa naitazama ile nyonga yake na ngazi ya basi. Makondakta wawili walimwinua. Alipokwisha kukaa dirishani nikakusanya nguvu nikamwambia, "Mwalimu, nisamehe."

Alinitazama kwa miwani yake mipya. Akasema, "Nimechoka, Zuhura. Nawe umechoka. Rudi kazini."

Basi likaondoka. Nilirudi studio, nikafungua pazia.

Hakuwahi kuandika, nami niliandika mara mbili nikaacha. Miaka mingi nililigeuza neno lile la dirishani nikitafuta kama kuna msamaha ndani yake. Siku nyingine nauona, siku nyingine siuoni. Sasa nimezeeka, sitafuti tena. Nimeishi bila neno hilo, na inawezekana kuishi hivyo, ila mgongo unajua unabeba kitu. Mzee Likumbo aliponiachia studio na lenzi hii kabla ya kufariki, sikuizungusha tena kwa miaka. Baadaye niliirudia, kwa sababu chuma hakikuwa na kosa. Nikawa nazunguka jengo kwanza, naligusa, ndipo nachungulia. Vijana waliokuja kujifunza kwangu waliniona mama mzito wa kazi. Waliokaa walikaa.

Mwanangu, nakuona unaitazama saa kwa siri, nami namaliza. Nilitaka kukuambia hili wakati bado nina pumzi ya kulisema lote. Wewe una simu inayolainisha uso wa mtu kabla hata hajatabasamu. Siku hizi kunyoosha kunafanyika kwa kidole kimoja, na hakuna atakayekuuliza bendera iko wapi. Kunyoosha picha sikukatazi. Kazi yetu ni kunyoosha kinachopindishwa na kioo. Lakini kitu chenyewe kikiwa kimepinda, kiache kilivyo, umwonyeshe mwenye kukaa chini yake. Mtu akikuomba umpigie kitu kilivyo, simama palepale alipokusimamisha. Na ukisifiwa sana kwa ustadi wako, siku hiyo tazama mara mbili, kwa sababu mimi nilifanya ubaya wangu mkubwa nikiwa hodari, nikiwa nafurahi.

Na lile la pili ndilo linalonichosha zaidi hadi leo. Kosa la kwanza nililifanya kwa dakika kumi. Kosa la kuliacha lilivyo nililifanya kwa wiki tatu, kila asubuhi upya, nikijua. Ukikosea, utakosea tu, wewe ni mtu, nenda siku hiyohiyo. Nenda na mvua, nenda na aibu, nenda hata kama kuna harusi. Yupo mtu ameweka meza yake mahali ulipoliacha kosa lako.

Sasa sogea hapa mwangani, unipe mkono. Mungu akupe macho yanayoona na moyo usioyakanusha. Akupe wa kukuuliza swali wakati bado jibu lina faida. Kazi ya mikono yako imfae aliye mbele yake, na utakapokuwa mzee kama mimi, ulale usingizi mzito kuliko wangu. Amina. Haya, bonyeza kitufe hicho taratibu, uzungushe.